Punda wa mkokoteni hana muda wa kula, na gunia la pumba si dawa

Saa kumi na mbili asubuhi punda wa mkokoteni huwa amekwisha kufungwa na kuanza safari. Kule Mwea anabeba mpunga. Limuru anabeba maziwa na majani ya ng'ombe. Naivasha anavuta mitungi ya maji mtaa hadi mtaa. Lamu anapanda kutoka gatini akiwa na mchanga na mawe ya kujengea. Jua likizama, mwenyewe humfungua, humwacha kando ya barabara aokoteze kidogo, kisha humfunga kwenye mti hadi alfajiri. Anayejiona mfugaji mwema humwekea ndoo ya pumba.

Ndoo hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa upya. Kwa wengi ni alama ya huruma: mnyama amechoka, apewe kitu chenye nguvu. Lakini punda wa kazi hakosi chakula kizito. Anachokosa hasa ni muda wa kula, na anachopoteza kwa kukosa muda hakirudishwi na pumba. Mfugaji anayeielewa tofauti hii hutumia pesa kidogo na kukaa na punda wake miaka mingi zaidi. Asiyeielewa hununua gunia mwezi baada ya mwezi, na mwishowe humwona mnyama akichechemea au akifa ghafla bila kujua kwa nini.

Mnyama aliyepanda bei

Zamani suala hili lisingewashughulisha wengi. Punda alikuwa mnyama wa bei ya chini. Akifa, alinunuliwa mwingine soko la wiki iliyofuata. Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 2016, Kenya ilipoanza kuruhusu machinjio ya punda kwa ajili ya kuuza nyama na ngozi nje ya nchi. Machinjio manne yalipewa leseni, katika kaunti za Baringo, Nakuru, Machakos na Turkana. Ngozi zilikuwa zikienda China, ambako huchemshwa ili kutengeneza ejiao, dawa ya jadi inayopendwa sana huko.

Matokeo yalionekana upesi. Ripoti ya mwaka 2019 ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo nchini Kenya, KALRO, ilionyesha kuwa punda wapatao 300,000 walichinjwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018. Sensa ya mwaka 2009 ilikuwa imehesabu punda wapatao milioni 1.8. Ile ya mwaka 2019 ilihesabu karibu milioni 1.2. Wizi wa punda uliongezeka, na katika masoko mengi bei ilipanda zaidi ya maradufu.

Februari 2020 serikali ya Kenya ilitangaza kupiga marufuku uchinjaji huo. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo baada ya wenye machinjio kwenda kortini. Desemba 2022 nchi za Afrika zilikutana Dar es Salaam kujadili hatima ya mnyama huyu, na Februari 2024 kikao cha viongozi wa Umoja wa Afrika mjini Addis Ababa kikaafikiana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15.

Uamuzi wa aina hiyo unaweza kuzuia kisu, lakini haurudishi punda waliokwisha kuchinjwa. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kuvuta mzigo mzito kabla ya kutimiza miaka mitatu hadi minne. Kwa hiyo pengo lililoachwa na miaka ile ya machinjio halizibiki haraka. Njia ya karibu zaidi kwa mwenye mkokoteni ni kumfanya punda aliye naye adumu. Punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 30. Wengi wa wanaofanya kazi ngumu hufa mapema zaidi, na ulishaji mbaya ni mojawapo ya sababu.

Tumbo dogo, siku ndefu

Makosa mengi ya ulishaji huanzia hapa: punda huchukuliwa kuwa ng'ombe mdogo. Sivyo. Ng'ombe hula haraka, hujaza tumbo, kisha hulala akicheua. Hata akifungwa zizini saa kadhaa, kazi ya kusaga chakula inaendelea. Punda hacheui. Tumbo lake la mbele ni dogo, na nyasi husagwa na vijidudu vilivyo katika utumbo mpana ulio nyuma. Mfumo huo umeumbwa kupokea chakula kidogo kidogo bila kukoma. Punda aliye huru hutumia saa 14 au zaidi kwa siku akitafuta na kutafuna.

Sasa mpigie hesabu punda wa mkokoteni. Akifungwa kazini saa nane, na usiku akifungwa kwenye mti pasipo na majani saa kumi, zinabaki saa sita. Ndani ya hizo sita anywe maji, ajiviringishe mavumbini, apumzike, na ale kando ya barabara ambako nyasi zimekwisha kuliwa na mbuzi wa mtaa mzima. Hata mvua ikiwa imenyesha na nchi ikiwa kijani kibichi, yeye bado yuko na njaa. Nyasi zipo, lakini saa hana.

Wanaofungwa vikapu mdomoni

Kuna wafugaji kwingine wanaopambana na jambo kama hili kutoka upande wa pili kabisa. Uingereza na Marekani, farasi na farasi wafupi wengi hawafanyi kazi. Wanakaa malishoni kwenye nyasi nzuri zenye sukari nyingi, wananenepa kupita kiasi, na unene huo huwaletea ugonjwa wa kwato unaoweza kuwalemaza. Ili kuwazuia wasile sana, wenyewe huwavisha kikapu cha mdomoni chenye tundu dogo chini. Wakulima wa Afrika Mashariki wanaotumia maksai kupalilia wanakijua kifaa cha aina hiyo: maksai huvishwa kikapu ili asile mahindi akipita kati ya mistari.

Majaribio yaliyofanywa Uingereza yameonyesha kuwa kikapu hicho kinaweza kupunguza nyasi anazokula farasi mfupi kwa karibu asilimia 80 katika saa anazokivaa. Unene hupungua, lakini tatizo jingine huzuka. Anayekula nyasi kidogo hupata pia protini kidogo, shaba kidogo, zinki kidogo na vitamini kidogo. Kwa hiyo wataalamu huko hushauri farasi aliyefungwa kikapu apewe kila siku nyongeza maalumu iliyojaa protini, madini na vitamini lakini yenye sukari na wanga kidogo sana. Kiasi chake ni kama gramu 100 kwa kila kilo 100 za uzito wa mnyama. Hawamjazii ndoo ya nafaka, kwa sababu ingerudisha sukari ileile waliyoikimbia.

Punda wa mkokoteni naye amefungwa mdomo, ila aliyemfunga ni kazi. Tofauti ni kwamba farasi wa kule ana mafuta ya akiba mwilini, na punda wa hapa mara nyingi hana. Yule anahitaji nyongeza ndogo tu. Huyu anahitaji mambo mawili, tena kwa mpangilio: kwanza arudishiwe majani aliyoyakosa, kisha apewe nyongeza ndogo ya kile ambacho majani hayo hayana. Kosa linalofanyika ni kuliruka la kwanza na kulibadilisha la pili kwa pumba.

Kwanza majani

Punda wengi wa Afrika Mashariki wana uzito wa kati ya kilo 120 na 150. Punda wa kilo 130 anayefanya kazi anahitaji kama asilimia 2 ya uzito wake katika chakula kikavu kwa siku. Hiyo ni karibu kilo tatu za nyasi zilizokaushwa. Akipata kilo moja kando ya barabara, bado ana pengo la kilo mbili.

Pengo hilo hujazwa usiku. Badala ya kumfunga mahali patupu, awekewe kilo mbili za nyasi kavu, mabua ya ngano au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ale taratibu hadi asubuhi. Robota la kilo 15 litamtosha usiku saba. Punda ana bahati moja ambayo farasi hana: anasaga vizuri majani makavu na magumu, hata mabua ambayo ng'ombe wa maziwa angeyapitia. Hahitaji nyasi za bei ya juu. Majani ya mpunga, ambayo Mwea huachwa mashambani kwa wingi baada ya mavuno, nayo hushibisha ingawa ni dhaifu kwa virutubishi.

Njia ya pili ni mfuko wa kulia. Ni gunia dogo safi linaloning'inizwa kichwani mwa punda likiwa na majani yaliyokatwa, ale anaposimama kungoja mzigo au mteja. Wenye mikokoteni wengi hukaa saa nzima kituoni bila kazi, huku punda akitazama lami. Mfuko usibane pua, uwe na matundu ya kupitisha hewa, na uvuliwe anapokunywa maji na anapoanza safari.

Maji nayo huja kabla ya nyongeza yoyote. Punda huvumilia kiu kuliko wanyama wengi, na uvumilivu huo humdanganya mwenyewe. Aliyetembea juani kutwa anaweza kuhitaji lita 20 au zaidi. Akilishwa majani makavu bila maji ya kutosha, chakula hukwama tumboni na kumletea msokoto.

Pumba na mifupa

Pumba si sumu. Nusu kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili na kuchanganywa na majani yaliyokatwa, inaweza kumsaidia punda aliyekonda na anayefanya kazi nzito. Shida huanza pumba zinapogeuzwa kuwa chakula kikuu.

Mifupa hujengwa na madini mawili yanayokwenda pamoja, kalsiamu na fosforasi. Mnyama wa jamii ya farasi anahitaji kalsiamu iwe nyingi kuliko fosforasi, au angalau zilingane. Pumba ni kinyume. Katika pumba za ngano, fosforasi hukaribia mara nane hadi kumi ya kalsiamu. Za mchele na za mahindi nazo zimeegemea upande huohuo. Damu ikikosa kalsiamu, mwili huichota kutoka kwenye mifupa. Mifupa hulegea, mnyama huchechemea leo mguu huu kesho ule, na baadaye uso huvimba pande zote mbili juu ya meno. Karne ya 19 huko Ulaya ugonjwa huu ulihusishwa na farasi wa wasaga unga, kwa sababu ndio waliolishwa pumba tele.

Kuna jambo la pili linalowagusa wakazi wa nyanda za juu. Nyasi za kikuyu, setaria na buffel, ambazo asili yake iko Afrika na zimeenezwa hadi Australia, zina oksaleti nyingi, kitu kinachoikamata kalsiamu na kuizuia isiingie mwilini. Ng'ombe huivunja oksaleti tumboni na hapati shida kubwa. Farasi huko Australia waliolishwa nyasi hizo kwa miezi mingi walipata ugonjwa uleule wa kuvimba uso, na wafugaji wakalazimika kuwaongezea kalsiamu. Kwa mfugaji wa Limuru au Nyandarua anayemfunga punda kwenye kikuyu mchana na kumpa pumba usiku, hasara mbili hukutana katika mnyama mmoja.

Tiba yake si ghali. Nyasi za Boma Rhodes zina oksaleti kidogo, na zinauzwa kwa marobota. Lusani ina kalsiamu nyingi. Nusu kilo ya lusani kavu kwa siku hutosheleza mahitaji ya kalsiamu ya punda wa kilo 130 asiye na mimba wala kunyonyesha, na humpa zaidi ya nusu ya protini anayohitaji asipokuwa na kazi nzito. Anayelazimika kutumia pumba za ngano anaweza kuchanganya unga wa chokaa ya mifugo, kama gramu 20 kwa kila nusu kilo. Ikumbukwe kuwa ni chokaa inayouzwa kwa ajili ya kulisha wanyama. Ile ya kujengea na kupaka ukuta huunguza mdomo na tumbo.

Sumu iliyo ndani ya gunia

Mwenye punda anapofika dukani huona magunia yaliyoandikwa ng'ombe wa maziwa, kuku au nguruwe. La punda ni nadra. Hapo huchukua lolote lililoshuka bei, na hapo ndipo hatari kubwa zaidi ilipo.

Baadhi ya vyakula vya kuku, na baadhi ya nyongeza za ng'ombe, hutiwa dawa iitwayo monensini. Kuku humkinga na ugonjwa wa kuharisha damu. Ng'ombe humsaidia kunufaika zaidi na chakula. Punda na farasi huwaua. Kiasi kisichomdhuru ng'ombe kinatosha kuharibu moyo wa farasi, na hakuna dawa ya kuiondoa. Mnyama hukosa hamu ya kula, hutoka jasho, hutetemeka, huanguka. Salinomisini, dawa ya kundi hilohilo, ni hatari vilevile. Kanuni iliyo salama ni moja: chakula cha kuku asipewe punda, na cha ng'ombe asipewe mpaka muuzaji ahakikishe kutokana na lebo kwamba hakina dawa hizo.

Mawe ya kulamba yenye urea ni ya wanyama wanaocheua. Punda hanufaiki nayo kama ng'ombe, na akiila nyingi humdhuru. Lukina, mti unaopandwa na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya majani yake yenye protini, nao una sumu inayowasumbua punda na farasi: manyoya ya shingo na mkia hupukutika na kwato huharibika. Usiwe chakula cha kila siku.

Kisha kuna mahindi yaliyoota ukungu. Baada ya habari nyingi kuhusu sumukuvu, familia nyingi huyatenga mahindi yaliyobadilika rangi na kuwapa mifugo. Kwa punda uamuzi huo ni mbaya mno. Ukungu wa mahindi unaweza kutengeneza pia sumu iitwayo fumonisini, na jamii ya farasi ndiyo inayodhurika nayo kuliko karibu wanyama wote wa nyumbani. Huyeyusha ubongo. Mnyama huzubaa, huzunguka ovyo, husukuma kichwa ukutani na kufa ndani ya siku chache. Mahindi ya bure kama hayo yanaweza kugharimu punda mzima.

Nyongeza inayofaa

Baada ya majani na maji, nyongeza anayoihitaji punda wa kazi ni ndogo na inajulikana.

Ya kwanza ni chumvi. Anayetoka jasho hupoteza chumvi, na nyasi zina kidogo sana. Punda wa kilo 130 anahitaji kama gramu 8 akiwa amepumzika, na maradufu ya hapo akifanya kazi juani. Hicho ni kijiko kimoja cha chai hadi vitatu kwa siku. Akipewa gramu 12, pakiti ya kilo moja itamaliza zaidi ya siku 80. Chumvi ya mawe ya kulamba inafaa pia, ingawa ulimi wa punda si mkali kama wa ng'ombe na wengine hawalambi vya kutosha. Magadi si badala ya chumvi. Ni aina nyingine kabisa, na yale ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi inayoharibu meno na mifupa.

Ya pili ni madini mengine, hasa shaba, zinki na seleniamu. Yaliyotengenezwa kwa ajili ya farasi ndiyo bora, na hupatikana zaidi maeneo yenye farasi kama Karen na Nanyuki. Yasipopatikana, unga wa madini ya ng'ombe usio na urea wala monensini unaweza kutumika kwa kiasi atakachoelekeza daktari wa mifugo. Kipimo kilichoandikwa kwa ng'ombe wa kilo 400 kisipewe punda wa kilo 130.

Ya tatu ni protini, hasa kiangazi nyasi zinapogeuka kuwa makapi. Lusani, mabua ya maharagwe na majani ya karanga yaliyokaushwa bila kuota ukungu yanatosha. Punda jike mwenye mimba ya miezi ya mwisho au anayenyonyesha ndiye wa kwanza kupewa.

Badiliko lolote la chakula lifanywe polepole kwa siku 10 hadi 14. Na aliyenenepa hali hana kazi, jambo linalotokea msimu wa mvua barabara zikiharibika, asinyimwe chakula ghafla ili akonde. Punda mnene anayeacha kula, kwa kunyimwa au kwa ugonjwa, huweza kujaa mafuta kwenye damu na kufa ndani ya siku chache. Apunguziwe pumba na apewe mabua.

Yasiyotibiwa na nyongeza

Punda anayekonda licha ya kulishwa huenda hana tatizo la chakula. Minyoo hunyonya anachokula. Meno yaliyochongoka humfanya ateme vifundo vya majani yaliyotafunwa nusu. Katika miji, mifuko ya plastiki iliyomezwa jalalani huziba utumbo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017 na Tanzania ikafuata Juni 2019, lakini plastiki bado zimo jalalani. Lamu, ambako shirika la The Donkey Sanctuary lilifungua kliniki mwaka 1987, ni mahali ambapo punda wamezoea kuzurura vichochoroni wakiokota takataka. Anayemlisha punda nyumbani usiku humpunguzia pia sababu ya kwenda jalalani.

Nafasi kwa mwenye duka

Kwa wafanyabiashara wadogo hapa pana soko lisilohudumiwa. Mwenye mkokoteni hupata pesa kila siku na hutumia kila siku. Hawezi kununua marobota kumi kwa mara moja, lakini jioni anaweza kununua kilo mbili za mabua yaliyokatwa, kama anavyonunua unga wa ugali. Anayemiliki mashine ya kukata majani karibu na kituo cha mikokoteni anaweza kuuza mafungu ya usiku mmoja. Agroveti inaweza kupima lusani kavu kwa nusu kilo na chumvi kwa pakiti ndogo.

Wanaoweza kununua kwa pamoja wana nafasi nzuri zaidi. Nyasi kavu huwa rahisi mara baada ya mvua na hupanda kiangazi kikikaza, kama ilivyoonekana katika ukame wa 2020 hadi 2023. Kikundi cha wenye punda 20 kinachoweka akiba kidogo kila juma kinaweza kujaza ghala bei ikiwa chini. Punda hao 20, kwa kilo mbili kila mmoja, hula robota la kilo 15 karibu tatu kwa usiku mmoja. Kwa miezi mitatu ya kiangazi kikundi kinahitaji marobota 240.

Muuzaji naye ana wajibu. Anayemuuzia mwenye punda chakula cha kuku bila kumwuliza ni cha mnyama gani anampoteza mteja. Swali hilo moja halimgharimu kitu.

Hesabu ya mwenye punda

Chukua mfano wa mkokoteni unaoleta Sh600 kwa siku baada ya gharama nyingine. Punda akilala siku tano kwa msokoto wa tumbo, Sh3,000 zimekwenda kabla daktari hajalipwa. Akichechemea miezi miwili kwa mifupa dhaifu, kazi imesimama na wateja wa maji wamehamia kwa mwingine. Akifa, mwenyewe anaingia sokoni kumtafuta mnyama ambaye idadi yake imepungua na bei yake imepanda.

Upande wa pili weka gharama ya kilo mbili za majani kwa usiku, nusu kilo ya lusani na vijiko viwili vya chumvi, kwa bei za soko la kwenu. Kisha toa bei ya pumba ambazo hazitanunuliwa tena. Kwa wengi tofauti itakuwa ndogo kuliko walivyodhani, na kwa waliokuwa wakinunua gunia zima itakuwa akiba.

Husemwa kuwa shukrani ya punda ni mateke. Wenye mikokoteni wanajua kuwa shukrani yake ni karo ya shule, kodi ya nyumba na unga wa jioni. Mvua ya masika ikiisha na nyasi zikikatwa, huo ndio wakati wa kununua majani ya usiku, kabla kiangazi hakijapandisha bei.